Kipande cha Pili cha Sikio

Nekesa mwanangu,

Leo ni siku ya nne hujanisemesha. Ukinipita mlangoni unageuza uso, na chai yangu inaletwa na shangazi yako. Sikulaumu. Msichana ana barua ya chuo cha ualimu mkononi, sare ameshapimwa, halafu baba yake mwenyewe anakwenda kwa daktari kulitaja jina lake. Ningekuwa wewe ningevunja sahani. Basi nimechukua karatasi za kazini, nimekaa huku nyuma ya ghala la mahindi jua likiwa bado juu, nikuandikie yale ambayo hukutaka kuyasikia, na ambayo mimi pia, tuseme kweli, sijapata kuyatamka mbele ya mtu. Kesho asubuhi lori la kambi ya wakoma litakuchukua pale barabarani. Mambo ya blanketi, sabuni na kuku wa kukaanga ni ya shangazi yako, na anayaweza kuliko mimi.

Jana nilikuwa nje ya jiko nikipasua kuni, nikakusikia ukimwambia, "Ni mama aliniachia hii kitu. Alikufa akaniachia."

Shangazi yako akasema, "Wacha hivyo, mama. Mama yako alikuwa mtu mzuri sana."

"Mzuri, lakini si ni yeye?"

Nilisimama na shoka mkononi kama mwizi. Ilikuwa nafasi yangu ya kuingia niseme, nami nikainama nikaokota kuni. Ndivyo nilivyo, Nekesa, na barua hii yote inahusu hilo tu. Si mama yako aliyekuletea ugonjwa huu. Ni mimi.

Kiswahili hiki ninachokuandikia ndicho tulichozungumza naye nyumbani. Alitoka juu ya Kapsokwony, mlimani kabisa. Kibukusu hakukijua, na mimi lugha ya mlimani ilinishinda hata kusalimia. Tukakutana katikati, kwa Kiswahili cha kubahatisha, na tulicheka sana tukikosea. Nilipanda huko nikiwa kijana, nimebeba sanduku la daktari aliyekwenda kuchanja watu ndui, naye akaja kwenye foleni. Masikio yake yalikuwa yametobolewa na kuvutwa tangu utotoni kama walivyofanya watu wa kwao, tundu kubwa, ncha inakaribia bega. Katika tundu moja alikuwa amepachika kikopo cha ugoro cha nyanya yake. Aliponiona namkodolea macho akasema, "Wewe ni wa kuchanja mkono ama ni wa kuangalia masikio?" Nikampenda hapo hapo.

Kisha tukahamia Kitale, katika nyumba za wafanyakazi wa hospitali, na mimi nikaanza kujiona. Kazi yangu ilikuwa darubini, ile mashine inayokuza vitu visivyoonekana kwa macho. Naweka damu au makohozi au majimaji ya ngozi juu ya kioo, napaka rangi, naangalia, naandika. Nilitembea na kalamu mbili mfukoni na viatu vinang'aa. Majirani waliniita Daktari, na sikuwasahihisha. Wake za wenzangu walikuwa wakichekea masikio ya mama yako pale bombani. "Bibi ya Daktari, leo umebeba nini huko?" Yeye alicheka nao, mara nyingine akawaonyesha kweli alichobeba, uzi au sindano au kipande cha sukari guru. Mimi ndiye niliyeumia.

Wewe ulikuwa bado unanyonya. Hukulala mpaka uingize ngumi yako katika tundu la sikio lake, unalishika hivyo hivyo mpaka usingizi ukuchukue. Kama hulikumbuki jambo hilo, sasa nimekukumbusha.

Miaka ile kabla ya vita vya pili vya dunia, vijana wengi walikuja hospitali kushonwa masikio. Huyu anatafuta kazi ya polisi, yule anataka kubatizwa, mwingine amechoka kuchekwa mjini. Aliyeifanya kazi hiyo ni Njuguna, mwenzangu wa kazi, dresa wa kusafisha na kufunga vidonda, yule mzee unayemjua, aliyezaliwa kwenye shamba la Mzungu nje ya mji na ambaye mama yake pia alikuwa na masikio kama hayo. Anakata lile tundu, anapunguza ncha, anashona zilizobaki ziwe sikio la kawaida. Alifanya hivyo kila Jumatano, na sisi tuliiita siku ya masikio. Nikamwambia mama yako aende. Aliniuliza swali moja tu. "Si unanipenda na haya?" Nikamjibu, "Nakupenda, lakini watu wanaangalia."

Jibu hilo nimelibeba mpaka leo. Alikwenda Jumatano iliyofuata.

Alikuwa na ombi. Nyanya yake alimfundisha kwamba kitu cha mwili wako hakitupwi ovyo. Nywele, kucha, jino, ngozi iliyokatwa, unakizika mwenyewe, ili siku yako ikifika usiende nusu. Akataka vile vipande viwili, cha kulia na cha kushoto. Nikasema, hakuna shida, nitakuletea.

Sasa sikiliza nilichofanya. Bwana daktari alikuwa ameniagiza nitengeneze vioo vya nyama nzima, nyama ya mtu asiye na ugonjwa, ili wanafunzi wake waviweke kando ya vioo vya wakoma waone tofauti. Ukoma hutafutwa kwenye sikio, na mtu mzima hakubali umkate sikio bure. Kwa hiyo nilikuwa nikichota vipande kwenye beseni la Njuguna. Wenye vipande hivyo walikuwa vijana wenye afya, na ni nani angekuwa mzima kuliko wao? Jumatano ile hakuja mtu mwingine. Kwenye beseni kulikuwa na vya mama yako tu. Nikachukua kimoja. Nilimpelekea kile kingine kimefungwa kwenye pamba, nikamwambia hicho cha pili kilianguka, mfagiaji akakifagia. Akachimba chini ya mgomba nyuma ya nyumba, akakizika kile kimoja. Wewe ulikuwa mgongoni mwake unalilia sikio lako.

Nilikichanja kile kipande kwa wembe, nikapaka majimaji yake kwenye kioo, nikatia dawa nyekundu, nikaosha, nikatia ya buluu. Nilikuwa napiga mluzi. Niliinama kwenye darubini nikitegemea kuona buluu tupu, maana ndiyo rangi ya nyama nzima. Nikaona vijiti vyekundu. Vilikuwa vingi, vimelala pamoja kama matita ya kuni.

Nilijua ni nini kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Lakini nikajiambia wembe ulikuwa mchafu. Nikachukua mwingine mpya, kioo kipya, maji mengine. Vyekundu. Nikajiambia dawa imeharibika, nikafungua chupa nyingine. Vyekundu tena. Njuguna akaingia na beseni lake akanikuta nimekaa.

"Wafula bana, mbona umenyamaza hivyo? Ati umeona nini?"

"Sijaona kitu," nikasema. "Ni safi."

Nikaandika kwenye daftari, safi. Vile vioo nikavitupa chooni. Jumatano iliyofuata nilipata kipande cha kijana mwingine, buluu tupu, nikampelekea daktari, akanisifu.

Unataka kujua kwa nini nilinyamaza. Nimejiuliza miaka hii yote na majibu yangu yanabadilika kulingana na jinsi ninavyotaka kujihurumia. Siku nyingine nasema ni kwa sababu nilimpenda. Angepelekwa kambini juma lile lile, na wewe ungebaki bila ziwa. Siku nyingine nakiri kwamba niliiogopa aibu. Daktari Wafula, mke wake mkoma! Tungetolewa kwenye ile nyumba ya mabati, na kalamu zangu mbili ningezipeleka wapi? Na zaidi ya yote, mama yako alikuwa mzima. Nilirudi nyumbani nikamkuta anapepeta wimbi, bandeji nyeupe masikioni, anaimba. Nikamwangalia ngozi, nyusi, vidole. Hakukuwa na doa hata moja. Nikajiambia, doa likitokea nitasema.

Lilitokea vita vikiwa vimepamba moto, wewe ukiwa umeshaanza kutafuna mahindi ya kuchoma peke yako. Miaka yote hiyo ulilala mgongoni mwake, kisha kifuani, kisha ubavuni. Nami nilijua, Nekesa. Usije ukaniombea udhuru kwamba baba hakujua. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu kujua. Niliwaambia akina mama wa watu pale hospitali, mtoto asilale na mgonjwa, kisha nikarudi nyumbani nikakufunika blanketi pamoja naye. Siku nyingine nilikuwa nakuondoa ukiwa umelala, nakuweka upande wangu. Ukilia, nilikurudisha.

Siku watu wa kambi walipokuja kumchukua walichoma nguo zake zote uani, na mkeka, na kile kikopo cha ugoro. Alisimama pale kwenye moshi akaniangalia, akauliza kitu ambacho hakuna mwingine aliyekielewa. "Na kile kipande kingine?" Mpaka leo sijui alikuwa amejua au hakujua. Nikamjibu tena, "Kilifagiwa." Hiyo ndiyo kauli yangu ya mwisho kwake nyumbani kwetu.

Nilimtembelea mara mbili tu. Kule mgeni anasimama upande huu wa ua na mgonjwa upande ule, na mlinzi katikati. Mara ya kwanza aliuliza habari zako tu. Mara ya pili mikono yake ilikuwa imefungwa vitambaa, akaificha nyuma, nami nikajifanya sikuona. Mara ya tatu sikwenda. Nilikuwa na visingizio vizuri sana, kazi nyingi, mvua, barabara. Alikufa vita vilipokuwa vimekwisha, na nilipata habari baada ya mazishi.

Hapo ndipo nilipokuleta huku Bungoma kwa shangazi yako, na hapo ndipo mkate ulipoanza. Unakumbuka? Kila mwisho wa mwaka nilikuja kutoka Kitale na mkate wa dukani, nakukalisha kwenye kigoda, nakubana sikio, nakukata kidogo kwa wembe, nakwambia natafuta malaria. Wewe ukauita mkate wa sikio. Ulikuwa unaniuliza kuanzia mavuno, "Baba, mkate wa sikio lini?" na unaniletea sikio mwenyewe. Haikuwa malaria. Nilikuwa naweka kile kioo mfukoni juu ya moyo, narudi nacho Kitale, naangalia. Buluu. Mwaka unaofuata, buluu. Nilikuwa natembea hewani siku hiyo nzima. Nikafikia kuamini kwamba deni langu limesamehewa.

Mwaka huu barua ya chuo ilikuja juma lile lile la mkate. Nilikuwa nimeshawatangazia wote pale hospitali kwamba binti yangu atakuwa mwalimu. Nikainama kwenye darubini kama mtu anayetimiza desturi tu. Sitakueleza nilichoona, nimeshakueleza. Nikarudia mara tatu, wembe mpya, kioo kipya, chupa nyingine. Nilipofika mara ya tatu nikacheka kwa sauti, maana nilijiona ni yule yule kijana wa zamani.

Njuguna, ambaye sasa ni mzee na mikono inamtetemeka, nilimwonyesha. Mara hii nilimwonyesha. Aliangalia muda mrefu.

"Nyamaza, Wafula," akasema. "Mtoto ni mzima. Hana kitu. Si umwache aende asome?"

"Ndivyo nilivyojiambia juu ya mama yake," nikasema.

Akaniangalia mpaka akaelewa. Alikaa kwenye kiti changu, akavua kofia.

Niliwaza juu ya wasichana watakaolala kitanda kando ya kitanda na wewe huko chuoni. Niliwaza juu ya watoto wa darasa lako. Nikajiambia, mara hii, Wafula, fanya kama mwanamume. Nikaenda kwa daktari nikasema jina lako, na nilipotoka nilijihisi mwepesi, karibu nifurahi. Ndiyo aibu yangu kubwa kuliko zote. Nilijihisi mwepesi kwa dakika kama kumi hivi, mpaka nilipokumbuka kwamba lazima nipande basi nije nikwambie.

Ulisimama hapa uani ukavuta mikono ya gauni juu. "Baba, niangalie! Niko na nini? Si uniangalie!" Nilikuangalia. Hakuna kitu. Daktari naye alipofika hapa alikukagua kuanzia utosi hadi unyayo akasema hakuna kitu, mpaka alipokiona kioo. Una ngozi ya mama yako siku ile anapepeta wimbi. Unafukuzwa nyumbani ukiwa mzima machoni pa kila mtu isipokuwa mimi.

Mara ya kwanza nilinyamaza, nikampoteza mtu. Mara ya pili nimesema, na sasa nakupoteza wewe. Watu hudhani mtu akikosea mara moja atajua la kufanya mara nyingine. Mimi sijui. Kama kungekuwa na mara ya tatu nisingejua, na nimemshukuru Mungu kwamba haipo.

Kabla ya kuja huku nilimwambia Njuguna anichanje masikio yangu yote mawili, nichukue majimaji yake. Nililala na mama yako miaka yote ile, nikala naye sahani moja. Niliangalia vioo vyangu tangu asubuhi mpaka macho yakatoka machozi, nikihesabu kila pembe, nikitafuta kijiti kimoja tu, kimoja, ili nipande lori pamoja nawe. Sijawahi kuomba hivyo kanisani. Buluu tupu. Mimi ni mzima, Nekesa. Usiniulize kwa nini.

Sina wasia mkubwa. Wanasema siku hizi kuna vidonge vipya, na kwamba wengine wanapona na kutoka. Mimi mwenyewe sijakutana na aliyetoka, kwa hiyo sitakudanganya, nimekudanganya vya kutosha kwa mkate. Ila nakuomba hivi. Wakikukata sikio huko, waombe uangalie darubini mwenyewe. Usikubali mtu akwambie ni safi au si safi kwa mdomo tu, hata awe anakupenda namna gani. Umesoma, utaelewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Nyekundu na buluu, hakuna kingine. Na hasira uliyonayo ni ya haki, lakini iondoe kwa mama yako. Mama yako alitaka masikio yake yabaki kama yalivyo.

Nitakuja kwenye ule ua. Najua ahadi yangu ina thamani gani kwako. Usiningoje, lakini ukiambiwa kuna mzee amesimama nje, ujue ni mimi, na kama hutaki kutoka, nitasimama tu halafu nirudi.

Jua limefika kwenye migomba na shangazi yako ananiita. Bado neno moja.

Chini kabisa ya sanduku lako, ndani ya soksi yangu ya kijivu, nimeweka kichupa kilichokuwa cha kwinini. Kina dawa ya kuhifadhi nyama, na ndani yake kuna kitu cheupe kama punje ya hindi lililolowekwa. Usikiogope, hakimdhuru mtu sasa. Vile vioo nilivitupa, lakini hiki mkono wangu ulikataa. Nimekihamisha kutoka kabati hadi kabati miaka hii yote, na Njuguna anafikiri ni cha mgonjwa fulani. Nguo zake walizichoma, picha hatukupiga. Hiki ndicho kilichobaki cha mama yako juu ya ardhi.

Mlinzi aliyeniletea habari za kifo chake aliniambia kaburi lake ni la tatu kutoka kona ya ua, penye mkaratusi. Mimi sitaruhusiwa kufika hapo, wewe utaruhusiwa. Chimba kidogo kwa mkono, umimine, ufukie. Kisha umwambie ni kile cha pili. Mwambie hakikufagiwa.

Baba yako,
Wafula